Mbona hakusema mapema? Mara nyingi alisema

Kila ikitoka stori ya mtu mzima, ana miaka 35 au hata 50, anasimama anasema mimi nilifanyiwa ukatili nikiwa mtoto na aliyenifanyia ni fulani, na huyo fulani ni ndugu wa karibu au mtu wa dini au vyote viwili kwa pamoja, swali la kwanza ni lile lile: sasa mbona hakusema mapema? Na wanaouliza sio watu wabaya, wengine wanauliza kwa uchungu kabisa. Mimi nimeulizwa sana na kwa miaka mingi nilikuwa nalijibu vibaya, naanza kueleza aibu, uoga, utoto, wakati jibu lenyewe ni fupi. Nilisema. Nilikuwa na miaka 9, mama alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo, nikamwambia kile anachonifanyia baba mdogo jioni tukitoka mazoezi ya kwaya. Mama aliacha kuchambua. Aliniangalia, akaangalia mlangoni, akaniambia nikaoge.

Siku chache baadae kukawa na kikao. Sikuitwa. Niliwaona wanaingia sebuleni, baba, mama, bibi, baba mkubwa, mchungaji na mke wake, na baba mdogo mwenyewe, mlango ukafungwa, nikasikia wimbo, nikasikia maombi marefu, na walipotoka bibi alikuwa analia na mchungaji akaniwekea mkono kichwani akaniombea na mimi. Wiki iliyofuata nikapelekwa kuishi kwa mama mdogo mkoa mwingine, watu wakaambiwa nimeenda kusoma. Baba mdogo aliendelea kufundisha kwaya.

Kwa hiyo ninachotaka kufungua hapa ni fundo moja ambalo limenisumbua maisha yangu yote: inakuwaje familia inayompenda mtoto, na waumini wanaomcha Mungu kweli kweli, wanaungana kuficha kitu cha namna hii na hakuna hata mmoja wao anayejiona kwamba anaficha? Maana watu wengi tunadhani siri hizi zinakaa kwa sababu mtoto alifunga mdomo, au kwa sababu wakubwa hawakumuamini. Hizo kesi zipo, nyingi tu. Lakini ukikaa ukasoma chunguzi kubwa zilizofanyika duniani miaka hii 25 unakutana na picha nyingine inayotisha zaidi. Watu walisikia, wakaamini, wengine wakaandika mpaka ripoti, alafu wakafunika.

Nianzie mbali kidogo, Uingereza, kwa sababu kesi hii imechimbwa mpaka mizizi na iliishia huku kwetu Afrika. John Smyth alikuwa wakili mkubwa na mlokole anayeheshimika, na miaka ya 70 alikuwa mwenyekiti wa mfuko uliokuwa unaendesha kambi za Kikristo za wavulana kutoka shule za watu wenye uwezo. Nyumbani kwake karibu na mji wa Winchester kulikuwa na banda kwenye bustani. Aliwapeleka vijana mle, anawachapa fimbo mpaka damu, na anawaambia ndio njia ya kuitubia dhambi. Yani kipigo kilikuwa na mistari ya Biblia ndani yake. Mwaka 1982 kijana mmoja aliyekuwa anasubiri kuchapwa tena alijaribu kujiua, na hapo ndipo kasisi mmoja akapewa kazi ya kuwahoji vijana na kuandika ripoti ya siri kwa viongozi wachache. Ripoti ile ilihesabu mpaka viboko, vijana 8 peke yao walikuwa wamepigwa takribani 14,000. Sasa angalia vizuri hapa, hakuna kiongozi aliyeisoma akasema hawa watoto waongo. Waliamini kila neno. Na hawakwenda polisi. Mmoja wao miaka mingi baadae alieleza kwamba aliona kazi ya Mungu ingeharibika vibaya sana kama hili lingejulikana.

Walichofanya ni kumtaka Smyth aondoke, na mwaka 1984 akahamia Zimbabwe. Kule akaanzisha kambi zile zile, na vijana wakaendelea kuchapwa. Desemba 1992 kijana wa miaka 16, Guide Nyachuru, alikutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea la shule moja kule Marondera ambako kambi ilikuwa inafanyika. Mwaka 1993 wachungaji wa Bulawayo wakamuomba mwanasheria David Coltart afuatilie, akaandika ripoti nzito, na kesi ikaja kufunguliwa, ikavunjika njiani, na Smyth akahamia Afrika Kusini. Umma wa Uingereza ulikuja kuambiwa haya yote Februari 2017, kwenye televisheni, miaka 35 baada ya ile ripoti ya kwanza. Agosti 2018 Smyth akafa Cape Town bila hukumu yoyote. Uchunguzi uliotolewa Novemba 2024 ukasema walioumizwa ni zaidi ya 100 na takribani 85 kati yao walikuwa wavulana na vijana wa Afrika, na ndani ya wiki moja Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, yani kiongozi wa juu wa Kanisa la Anglikana la Uingereza, akatangaza kujiuzulu kwa sababu naye aliambiwa mwaka 2013 na jambo halikufuatiliwa inavyotakiwa. Na mtoto wa kiume wa Smyth mwenyewe alikuja kusema hadharani kwamba hata yeye alichapwa kwenye lile banda akiwa mdogo. Familia na kanisa, vyote viko mle mle.

Nimeirudia hii kesi mara nyingi sana na kila mara ninachokwama nacho ni hao vijana 85. Kila mmoja wao aliumizwa baada ya watu wazima kujua. Sio kabla.

Mfano wa pili ni Australia, ambako serikali iliunda tume kubwa iliyofanya kazi kuanzia 2013 mpaka 2017 kuangalia taasisi zote zinazolea watoto, makanisa, shule, vituo. Mwaka 2015 wakafika kwa Mashahidi wa Yehova na wakakuta ofisi yao ya nchi ina mafaili ya watu 1,006 waliotuhumiwa kudhulumu watoto kingono tangu 1950. Kati ya hao, 579 walikuwa wamekiri. Wamekiri wenyewe mbele ya wazee wa kutaniko! Na katika 1,006 wote taasisi haikuwa imempeleka hata mmoja polisi. Watu 401 walitengwa na ushirika, na 230 kati yao baadae wakarudishwa. Ukishaona namba hizo huwezi tena kusema shida ni kwamba watoto hawaaminiki. Mtu kakiri, imeandikwa, imefungwa kabatini.

Na huku nyumbani? Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa mwaka 2009, matokeo yakatolewa 2011, serikali pamoja na UNICEF, Muhimbili na wataalamu wa Marekani. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walipitia ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Kenya kwenye utafiti wao wa 2010 walipata asilimia 32 kwa wasichana na 18 kwa wavulana. Lakini kipande ambacho hakisemwi sana ni kile cha kusema: kwa Tanzania kama nusu ya wasichana waliopitia hayo na theluthi ya wavulana walikuwa wamemwambia mtu. Nusu. Alafu waliofika kupata huduma yoyote ile, iwe hospitali, polisi, ustawi wa jamii, kwa wasichana ni kama 1 kati ya 10. Kati ya hiyo nusu na hiyo moja ya kumi ndo kuna sebule zilizofungwa milango.

Sasa ndani ya sebule kunatokea nini. Mimi sikuwemo, lakini nimekuja kuongea na waliokuwemo mmoja mmoja, na nimeongea na manusura wengine wengi, Wakristo na Waislamu, na naona kitu kinachofanana. Hakuna mtu anayebeba siri nzima. Kila mmoja anabeba kipande, na kipande chake kina jina zuri. Baba anabeba kipande kinachoitwa heshima ya ukoo. Bibi anabeba umoja, hawa ni ndugu wa tumbo moja tusiwavunje. Mchungaji anabeba msamaha, na jina la kanisa. Mama anabeba stara ya binti, kwamba hili likitoka huyu mtoto nani atamuoa. Kila mtu akiangalia mkononi kwake anaona fadhila tu, haoni uhalifu, uhalifu unaonekana pale tu unapoviunganisha vipande vyote na katikati yake yupo mtoto ambaye hajaulizwa kitu.

Na maandiko yanaingia hapo kwa namna ambayo ukiwa muumini inauma kweli. Mathayo sura ya 18, hii sura nimeichukia na nimeipenda. Kwenye kikao chetu, nilivyokuja kuambiwa, ulisomwa ule mstari wa 22, kusamehe saba mara sabini. Kwingine unasomwa mstari wa 15, ndugu yako akikukosa nenda mkaongee wewe na yeye peke yenu, eti mtoto wa miaka 9 akaongee na mtu mzima. Kwingine unasomwa wa 16, mashahidi wawili au watatu, na huo ndio moja ya misingi ya kanuni iliyowafunga wale wazee wa Australia, kwamba bila shahidi wa pili au mtu kukiri mwenyewe suala haliendelei. Nani anadhulumu mtoto mbele ya mashahidi? Na sura hiyo hiyo, kabla ya mistari yote hiyo, Yesu amemuweka mtoto mdogo katikati yao, alafu kwenye mstari wa 6 anasema atakayemkosesha mmoja wa wadogo hawa ni afadhali afungwe jiwe la kusagia shingoni akazamishwe baharini. Ni sura moja. Wanaruka mtoto, wanaruka jiwe, wanaanzia kwenye msamaha.

Kwa ndugu zetu Waislamu neno linalotumika zaidi ni kusitiri, kwamba anayemsitiri mwenzake naye atasitiriwa, na ni fundisho zuri sana likikaa mahali pake. Ila mashekhe wanaoijua elimu yao watakwambia kusitiri ni kwa aibu ya mtu na nafsi yake, dhulma juu ya mtu mwingine hiyo haisitiriwi, ina haki ya mwenyewe. Dada mmoja wa pwani niliyezungumza nae, ambaye aliumizwa na mwalimu aliyekuwa anakuja kuwasomesha nyumbani, aliniambia walimsitiri mwalimu, mimi wakaniacha uchi. Sijawahi kusikia mtu akiisema vizuri kuliko hivyo.

Kitu kingine cha kuelewa, na hiki watu wa nje hawakioni kabisa, ni kwamba mtu wa namna hii haanzi na mtoto. Anaanza na nyinyi wakubwa. Baba mdogo ndiye aliyekuwa analipa ada watu wakikwama, ndiye anayewahi msibani, ndiye anayejitolea kuwarudisha watoto nyumbani usiku ili mama zao wapumzike. Kila wema ni tofali. Siku mtoto akisema, hasemi dhidi ya mtu mmoja, anasema dhidi ya ukuta mzima ambao na nyie mmeegemea. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na tunaitamka kirahisi tu, lakini kuvua nguo yenyewe mbele za watu ndo kazi.

Alafu kuna kuhamisha. Hii karibu kila kesi ipo, kuna mtu anahamishwa. Ama anahamishwa aliyefanya, anapelekwa parokia nyingine, usharika mwingine, nchi nyingine kama Smyth, na kule hakuna anayeambiwa kwa nini amekuja. Au anahamishwa mtoto. Kwa familia za kwetu mara nyingi ni mtoto, kwa sababu mtu mzima ana kazi, ana mke, ana cheo, mtoto ana begi moja tu. Na kwingine binti anaozeshwa kabisa kwa aliyemharibu, mahari inalipwa, watu wanakula pilau. Kuhamisha kunatuliza kila mtu kwa sababu kunaonekana kama hatua imechukuliwa.

Nije kwa mtoto sasa. Wataalamu wa saikolojia wanatofautisha majeraha mawili na mimi naona ni sawa kabisa. La kwanza ni lile alilofanyiwa. La pili ni lile la kusema na kufunikwa. Mmarekani Jennifer Freyd, mwanasaikolojia, ndiye aliyeandika sana kuhusu hili tangu miaka ya 90, anaeleza kwamba mtoto akiumizwa na mtu anayemtegemea kwa chakula na malazi na upendo, akili inaweza kuchagua kutojua, kwa sababu kujua kunahatarisha sehemu anayolala. Na baadae yeye na wenzake wakaonyesha kwamba taasisi unayoiamini ikikusaliti baada ya kuumizwa, hali yako inakuwa mbaya zaidi kuliko kama ungeumizwa tu. Kwa maneno ya kwetu, kidonda kinaweza kupona ila hujui tena ukiugua umwambie nani.

Jeraha la pili kwangu lilikuwa na sauti, lilikuwa ni shikamoo. Desemba nikirudi likizo nyumbani, ndugu wote wapo, baba mdogo anaingia, na chumba kizima kinanisubiri mimi. Hakuna anayesema kitu ila wote wanasubiri. Nikisema "shikamoo baba mdogo" na yeye akisema "marahaba mwanangu", naona kabisa mabega ya watu yanashuka, bibi anatabasamu, maongezi yanaendelea, kwa sababu salamu yangu ndo ilikuwa risiti kwamba yameisha. Nimeitoa hiyo salamu kila Desemba mpaka nina miaka 22. Mtu akiniuliza uliwezaje kukaa nae meza moja kama kweli alikufanyia hivyo, nashindwa hata kuanzia wapi, maana kukaa nae meza moja ndo ilikuwa bei ya kuwa na familia.

Na kuna vitu vingine vinawachanganya watu wanaosikiliza, acha niviseme haraka. Mtoto anaweza kumpenda aliyemuumiza, anaweza kumtetea. Mtoto anaganda, hapigi kelele, na baadae anajilaumu kwa nini hakupiga kelele, wakati kuganda ni mwili wenyewe unafanya kama unavyofumba jicho vumbi likija. Kumbukumbu inakuja vipande, anakumbuka rangi ya pazia na hakumbuki mwaka. Mtoto hasemi kama mkubwa, anasema sitaki kwenda kwaya, tumbo linauma kila Jumamosi, anaanza kukojoa kitandani na ana miaka 10. Na imani inaharibika kwa namna ya pekee, kwa sababu aliyekuumiza alikuwa anaomba kabla ya kula kama wewe, na aliyekufunika aliomba kwa jina lile lile unalolitumia ukiwa na hofu usiku. Kuna manusura wameacha dini kabisa na kuna ambao wameng'ang'ania, na wote nawaelewa. Mimi nilikaa miaka 11 sikanyagi kanisani, sa hivi naenda, nakaa nyuma, na wimbo wa kwaya ukianza wakati mwingine natoka nje nasubiri uishe.

Ndo maana ile tume ya Australia ilipowasikiliza manusura wake faragha ilikuta kwa wastani mtu alichukua karibu miaka 24 kuja kusema. Watu wanaisoma hiyo namba kama miaka ya ukimya wa mtu. Mimi naisoma pia kama muda unaohitajika mpaka upate kazi yako, nyumba yako, ufunguo wako, ili ukisema usikose pa kulala. Na wazee wengine wawe wameshafariki, hilo nalo lipo.

Kwenye sheria kuna jambo ambalo lilinishangaza nilipolijua nikiwa mtu mzima na natamani lingebandikwa kwenye kila ofisi ya usharika na kila madrasa. Baraza la wazee linadai mashahidi wawili. Mahakama haidai. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inaruhusu kwenye makosa ya kingono neno la mtoto peke yake limtie mtu hatiani, ilimradi mahakama imeridhika kwamba mtoto anasema kweli na imeandika sababu zake, na Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa unatoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Kenya nao wana kifungu cha namna hiyo hiyo. Yani serikali, ambayo wengi tunaiona ya dunia, inampa mtoto uzito kuliko nyumba ya ibada. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa serikali za mitaa, na mchungaji ni mwanajamii, shekhe ni mwanajamii, bibi ni mwanajamii. Na Kenya, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imeweka wazi kwamba uamuzi wa kusitisha uchunguzi au kesi ni wa mwanasheria wa juu kabisa wa mashtaka wa serikali, kwa hiyo mzazi akija kituoni na karatasi ya makubaliano kwamba tumemalizana kifamilia, karatasi hiyo haina nguvu ya kuzima kesi. Wazee wanaweza kupatana wao kwa wao kuhusu ng'ombe. Mtoto sio mali ya kupatanishiwa.

Na kwa makosa mazito ya jinai hakuna tarehe ya kuisha, mtu anaweza kushtaki baada ya miaka 20. Nisidanganye lakini, ushahidi unakuwa mgumu, polisi wengine watakuuliza lile lile swali la mbona hukusema, na manusura wengi wakipima wanaamua hawataki kesi. Hiyo ni haki yao. Nimekasirika sana na watu wanaowasukuma manusura kwenda mahakamani kama vile walivyosukumwa kusamehe, bado ni mtu mwingine anaamua juu ya mwili wako.

Kama mtoto amekwambia leo, kazi yako ni ndogo kuliko unavyodhani na ndo maana watu wanaishindwa. Usimhoji kama polisi, usimuulize ulikuwa umevaa nini au mbona ulienda. Mwambie umefanya vizuri kuniambia, na sio kosa lako. Usiende kumkabili mtuhumiwa kwanza wala usiitishe kikao, kikao ndo mwanzo wa kufunika. Kama tukio ni la karibuni usimuogeshe mtoto wala kufua nguo (mama yangu aliniambia nikaoge, sikumlaumu, hakujua), mpeleke hospitali kabla ya saa 72 kwa sababu dawa za kuzuia VVU zina muda wake, na kwa Tanzania ile fomu ya PF3, fomu ya polisi anayojaza daktari akimpima aliyeumizwa, inatolewa polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, Kenya ni fomu ya P3. Namba ya simu ya watoto ni 116, Tanzania na Kenya zote, ni bure, na mtu mzima anayeogopa kwenda kituoni peke yake anaweza kuanzia hapo kuuliza afanye nini. Na mtoto asihamishwe yeye kama kuna njia ya kumuondoa aliyefanya.

Kwa manusura ambaye ni mtu mzima sasa, sina orodha. Neno lenyewe manusura tumezoea kulisikia meli ikizama au basi likipinduka, mtu anatolewa majini amefunikwa blanketi na watu wanamkimbilia na chai. Sisi tulitoka majini na tukaambiwa tusilowanishe sakafu. Kilichonisaidia mimi ni kaunsela mmoja mvumilivu wa hospitali ya serikali na mwanamke mwingine mmoja aliyepitia yale yale, nikajua sio mimi peke yangu, na miaka. Sikusamehe kwa amri. Kama kuna kitu kinafanana na msamaha kimekuja chenyewe, kwa baadhi ya watu tu, na kwa baba mdogo hakijaja.

Mwaka juzi mama aliumwa nikaenda kumuuguza. Jioni moja tunamenya njegere nikamuuliza lile swali ambalo nilikuwa nalo tangu nina miaka 9, nikamwambia, mama, siku ile hukuniamini? Hakushtuka. Akasema, "Nilikuamini hata hujamaliza, mwanangu. Nilikuwa nimeshaanza kuona." Akamenya maganda mawili matatu, akaniambia kwenye kikao baba yangu alisema akitaka kwenda polisi afungashe vyake kabisa arudi kwao, na kwao hapakuwa na mtu, wazazi wake walishakufa, kwa hiyo akaomba kitu kimoja tu, kwamba mimi niondoke pale nikakae kwa mdogo wake. Miaka yote nilikuwa nadhani nilifukuzwa. Kumbe nilikuwa nimeokolewa na mtu ambaye uwezo wake uliishia hapo.

Nikamuuliza, na Upendo? Naomba nimpe jina hilo, sio lake. Binti wa baba mkubwa, nilimuacha ana miaka 7 na alikuwa ameanza kwaya ya watoto. Mama aliangalia njegere zake na hakusema kitu, na alikaa hivyo mpaka giza likaingia na nikainuka kuwasha taa.

Kesho yake asubuhi nilimpigia simu. Ana watoto wake sasa, niliwasikia nyuma wanagombania kitu. Nikamwambia mdogo wangu, nataka kukuuliza jambo la zamani, na sio lazima unijibu leo. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika, alafu akasema, "Dada, subiri kwanza nifunge mlango."